Mrejesho: vidonge vya kaka kwa saratani ya damu

Wakuu, asanteni. Niliuliza kwa nini kaka yangu, mgonjwa wa saratani ya damu aina ya CML, amepewa vidonge vya imatinib badala ya dripu za kemo. Daktari ametueleza: ndani ya seli za ugonjwa, vipande vya kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) ya 9 na ya 22 vimebadilishana nafasi, vikazaa kimeng'enya cha BCR-ABL kinachoamuru seli zigawanyike bila kukoma. Imatinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, hukalia pale kimeng'enya hicho kinapopokea ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli), na amri inakatika. Nimefarijika mno! Kipimo cha PCR, kinachopima alama za kijeni za BCR-ABL kwenye damu, kinaonyesha zinashuka. Ila asiruke dozi hata akijisikia mzima. Seli zilizobaki zinaweza kurudi, na zikipata badiliko la jeni liitwalo T315I, imatinib haifui dafu.