Naomba ushauri: hifadhi ipi ya bure inafaa kwa faili la GB 12?

Wadau, salamu. Kuna video moja ya GB 12 ya kupakuliwa na watu kama thelathini hapa Nairobi, wengi kwa Wi-Fi ya ploti, wachache kwa bando. Bajeti ni sufuri.

Google Drive inatoa GB 15, ila Gmail na picha zinakula humo humo, kwa hiyo heri akaunti mpya. Balaa lake ni kwamba watu wengi wakivuta faili moja, kiungo hufungwa, wakati mwingine hadi saa 24.

MEGA inatoa GB 20, lakini kiwango cha kupakua bure hufuata anwani ya IP, yaani namba ya mtandao unaotumia. Ploti nzima ikipitia ruta moja, jirani anaweza kukimaliza kabla hujagusa kitu! Tena kwenye kivinjari faili kubwa hulemea mashine. Programu yao ya kompyuta ni afadhali, maana huendelea pale ilipokatikia. Dropbox ni GB 2, tusiitaje.

Wazo langu ni kulikata faili kwa programu ya 7-Zip, vipande vya GB 1. Kimoja kikiharibika, unarudia hicho tu. Flashi yenye mpangilio wa FAT32 pia itavibeba, ingawa haikubali faili linalozidi GB 4. Kuunganisha kufanyike kwenye diski ya kompyuta.

Je, nigawe vipande kati ya Drive na MEGA, au torenti (watu kuvutiana faili moja kwa moja kati ya mashine zao) ni bora, kompyuta moja ikiachwa inawaka usiku? Na mwenye simu pekee ataunganishaje?