Kampuni ya ndege inamwomba mama aahirishe safari ya Brussels–Lubumbashi kwa sababu viti vimejaa. Akubali?

Kitindamimba wa Katuba

Ndugu na wazee wangu, nawasalimu kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 68, amekaa Liège, Ubelgiji, kwa dada yangu karibu miezi mitatu, na tiketi yake ya kurudi ni ya Alhamisi ijayo: anaondoka Brussels, anabadili ndege mara moja njiani, kisha anashuka Luano, uwanja wa ndege wa hapa Lubumbashi, Ijumaa mchana. Jana usiku dada alipokea kwenye simu ujumbe wa kampuni ya ndege, unaosema kwamba safari ya Alhamisi imejaa kupita kiasi na kwamba abiria atakayekubali kwa hiari kusafiri Jumamosi atapewa vocha ya euro 200 ya kununulia tiketi nyingine. Chini ya ujumbe kuna kitufe kimoja kikubwa cha kijani cha kukubali. Cha kukataa hakipo, na maneno yanayoeleza kwamba vocha hiyo itakufa baada ya miezi 12 yameandikwa kwa herufi ndogo kiasi kwamba dada alilazimika kuyakuza kwa vidole viwili ndipo akayasoma.

Dada anaelekea kukubali, kwa kuwa euro 200 si haba. Mimi nasita. Viza ya mama inaisha Ijumaa. Jumapili tuna misa ya mwaka mmoja wa marehemu baba, na haiwezekani ifanyike mjane wake akiwa bado njiani. Isitoshe, mama hutembea kwa shida, na tulikwisha kumwombea kiti cha magurudumu katika viwanja vyote vitatu.

Kinachonitia hofu zaidi ni kwamba mwaka jana mimi mwenyewe niliachwa chini pale Luano. Tiketi nilikuwa nimelipa na nilifika mapema, lakini nikasimama kwenye kaunta nikimtazama mhudumu wa kampuni moja akipitisha kalamu juu ya jina langu katika orodha ya karatasi, kisha akaniambia ndege imejaa, nirudi keshokutwa. Hata chupa ya maji sikupewa. Je, tukikataa ombi hili, hawatamfanyia mama vivyo hivyo siku ya Alhamisi, peke yake na Kifaransa chake cha kubahatisha?

Mama wa Kamalondo

Mwanangu, kama viza inaisha Ijumaa, mwambie dada yako asikiguse kitufe hicho. Mimi husafiri kununua vitambaa, na mara moja nilikubali vocha kama hiyo. Nilipotaka kuitumia niliambiwa haifai kwa tiketi za bei ya chini, na ile ya bei ya juu ilikuwa imezidi bei ya kawaida kwa kiasi kilekile nilichopewa. Ilikufa kwenye mkoba wangu bila kunifaa kitu.

Wakala Mstaafu

Ndugu Kitindamimba, niliuza tiketi katikati ya mji huu kwa miaka mingi, kwa hiyo niruhusu nieleze kwa urefu kidogo, kwa sababu hapa watu wengi hupoteza haki yao bila kujua.

Kampuni za ndege huuza tiketi kupita idadi ya viti kwa kuwa zinajua kwamba katika kila safari wapo abiria wasiotokea: mmoja amechelewa kuunganisha, mwingine amenyimwa viza, mwingine amebadili nia. Hesabu hiyo ikikosea, watu wakatokea wote, inabidi mtu abaki. Desturi hii haikatazwi na sheria za Ulaya, lakini zimeweka gharama yake. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inamlinda kila abiria anayeondoka katika uwanja wa nchi za Umoja huo, hata kama kampuni ni ya Afrika, ya Ghuba au ya kwingineko. Mama anaondoka Brussels, kwa hiyo yumo.

Kanuni hiyo inailazimisha kampuni kutafuta kwanza watu wa kujitolea. Mwenye kujitolea hana kiwango cha fidia kilichowekwa. Anapata kile walichopatana, hakuna zaidi, ingawa bado ana haki ya kuchagua kati ya kurudishiwa nauli na kupelekwa kwa safari nyingine. Lakini anayezuiwa kupanda bila ridhaa yake, ilhali ana tiketi iliyothibitishwa, hati zake ni kamili na amefika kwa wakati, anastahili fidia ya euro 600 kwa safari inayozidi kilomita 3,500 nje ya Umoja wa Ulaya. Fidia hiyo inaweza kupunguzwa kwa nusu endapo safari mbadala itamfikisha kwa kuchelewa kusikozidi saa nne. Hulipwa kwa fedha taslimu, hundi au benki. Vocha haiwezi kuchukua nafasi yake mpaka abiria atie saini ya kukubali. Juu ya hayo kuna chakula, hoteli anapolazimika kulala, na usafiri wa kwenda na kurudi hotelini. Sasa pima mwenyewe: kile kitufe cha kijani kinamtoa mama kwenye kundi la pili na kumwingiza kwenye kundi la kwanza, kwa euro 200 zisizo taslimu.

Kuhusu hofu yako ya Alhamisi, kanuni hiyohiyo inasema kwamba abiria mwenye shida ya kutembea, pamoja na anayemsindikiza, apewe kipaumbele katika kusafirishwa. Yaani miongoni mwa wote watakaopanga mstari, mama yako ni miongoni mwa wa mwisho kuachwa, na ni vyema ombi la kiti cha magurudumu liwe limeandikwa kwenye tiketi. Na wakidiriki kumwandikia kabla ya siku kwamba hatapanda, haki ya fidia haipotei: Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua hivyo Oktoba 2023.

Viza ndiyo nzito kuliko yote. Akiondoka Jumamosi atakuwa amezidisha siku, na kumbukumbu za mpakani zitaonyesha hivyo atakapoomba viza tena. Kurefusha viza kunawezekana kwa dharura isiyozuilika, lakini sijui utamwelezaje ofisa kwamba ni dharura wakati kampuni ina ujumbe unaosema ulikubali kwa hiari. Bima ya safari nayo huwa na tarehe yake ya mwisho, iangalieni.

Kijana wa Ruashi

Nakubaliana na Mzee Wakala kuhusu viza, ila nisingependa wasomaji waone kwamba kujitolea ni ujinga nyakati zote. Wazo la kuwalipa wanaojitolea lilipendekezwa na mchumi wa Marekani, Julian Simon, mwaka 1968: badala ya kampuni kuchagua nani aachwe, kila abiria ataje kiasi kinachomtosha, na mwenye bei ndogo ndiye abaki. Marekani ililifanya kuwa utaratibu mwaka 1978. Kwa hiyo bei ya kwanza huwa ya chini kuliko zote. Mwaka 2017 mjini Chicago kampuni ilifika dola 800 bila kupata mtu, kisha abiria aliyekwisha kuketi akaburutwa nje ya ndege. Dunia nzima iliona, na baada ya hapo kampuni kubwa za kule ziliruhusu wahudumu wao kufika karibu dola 10,000. Mtu asiye na haraka aombe fedha taslimu, hoteli kwa maandishi, na kiti kilichothibitishwa katika safari mpya, asikubali kuwekwa kwenye orodha ya kusubiri.

Kitindamimba wa Katuba

Asanteni sana. Mzee Wakala, je, mimi wa Luano mwaka jana nilikuwa na haki hiyo ya euro 600?

Wakala Mstaafu

Pengine hapana, ndugu yangu. Kanuni ile inafuata uwanja wa kuondokea. Safari inayoanzia nje ya Ulaya inaingia tu ikiwa inakwenda huko na kampuni yenyewe ni ya huko. Kwa safari nyingine angalia kwanza masharti ya mkataba wa tiketi. Hata hivyo, usiondoke kaunta bila karatasi yenye mhuri inayosema uliachwa kwa sababu ndege ilijaa. Wakikunyima, piga picha ya kadi yako ya kupandia na ya ubao wa safari, saa ikionekana. Bila kitu hicho, kesho yake wataandika kwamba wewe hukutokea, na tiketi itahesabiwa kuwa imetumika.

Kitindamimba wa Katuba

Dada ameandika barua pepe asubuhi hii, kwa Kifaransa, kwamba mama hajitolei na viza yake inaisha Ijumaa, kisha akataja kiti cha magurudumu. Saa tatu baadaye wamejibu kwamba nafasi yake ya Alhamisi haijaguswa. Dada atamsindikiza hadi kaunta na hataondoka mpaka mama apite ukaguzi. Nimemwomba achapishe jibu hilo pamoja na tiketi, aziweke karatasi zote mbili ndani ya pasipoti, si ndani ya mkoba, kwa sababu mama akiwa na wasiwasi mkoba humshinda kufungua.