Naomba ushauri: mfanyakazi mzoefu anaamini hawezi kujifunza kitu kipya

Habari zenu wakuu, naombeni mnisaidie mawazo. Mi nasimamia stoo ya duka la jumla la vifaa vya umeme hapa Kariakoo, tumetoka kwenye daftari sasa mzigo wote unaingizwa kwenye kompyuta. Vijana wameshazoea, ila kuna kaka yetu mmoja mzoefu kuliko wote, yani kila waya na kila breka anajua ilipo hata umeme ukikatika, yeye akiona skrini tu anasema "kichwa changu sio cha kompyuta" anamwachia dogo aandike, na akikosea mara moja ndo basi, siku nzima hagusi kibodi.

Nimejaribu kumsifia kwamba ana akili, haikusaidia, naona ndo anazidi kuogopa kukosea mbele za watu. Nikasoma utafiti wa profesa Carol Dweck wa Marekani, kwamba ukimsifia mtu akili anaanza kukwepa magumu, bora usifie juhudi na mbinu aliyotumia. Imeniingia, ila majaribio yake mengi ya sifa yalikuwa kwa watoto wa shule, huyu ni mtu mzima ana familia, na bosi anataka hesabu kila jioni.

Waliowahi kusimamia watu wazima, mnasifiaje juhudi bila mtu kuona anafanywa mtoto? Na afundishwe na dogo huyohuyo au nikae naye mwenyewe asubuhi kabla hatujafungua? Sitaki kabisa tumpoteze.