Naomba ushauri: mipaka kati yetu na waandishi wa habari

Ndugu wanajamii, habari za majukumu. Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Tanga mjini, ninayewasindikiza waathirika wa uhalifu kutoka dawati la jinsia na watoto la polisi, kupitia hospitali wanakopeleka fomu ya PF3 (fomu ya polisi ambayo daktari huijaza baada ya kumpima mwathirika), hadi siku ya kutoa ushahidi mahakamani.

Mwezi uliopita mwandishi mmoja wa redio alitangaza habari ya mama niliyekuwa nikimsaidia. Jina hakulitaja, na naamini nia yake ilikuwa njema. Lakini alitaja mtaa wa Makorora, biashara ya vitumbua na idadi ya watoto, na kwa mji wetu ulivyo, kabla ya adhuhuri kila mtu alikwishajua ni nani. Mama yule sasa anasitasita kwenda mahakamani.

Hata hivyo siwezi kuwafungia mlango waandishi, kwa sababu kuna mashauri yaliyokuwa yamelala ambayo yaliamka baada tu ya kutangazwa.

Nafikiria kuandaa makubaliano ya maandishi: mwathirika aridhie kwanza, aelezwe kwamba anaweza kubadili nia kabla ya habari kurushwa, na asomewe maelezo yanayoweza kumtambulisha. Je, mwandishi atakubali kusoma habari yake mbele ya mhusika, au ataona tunaingilia uhuru wake wa uhariri? Na kwa mtoto, ridhaa ya mzazi inatosha, hasa mtuhumiwa anapokuwa ni ndugu wa familia? Waliowahi kufanya kazi pande zote mbili, naomba mnielekeze.