Jeometre (mupimaji wa udongo) anaomba dola 250 ya kupima mbele tununue nyumba, ni bei ya kweli?

MamaBaraka
Jambo bandugu. Kuko nyumba ya mbao tulipata mu Keshero, hapa Goma, fensi ya mawe ya volkano pande tatu, upande wa ine ni mabati ya kizee tu, mwenye nyumba anaomba dola elfu 12 na tumeshaanza kusikilizana. Mimi nilisema sitoi hata dola moja mbele jeometre akuje kupima, komisionere (dalali) akatuletea mutu mwenye anasema anatoka ku kadastre, ofisi ya Letat ya kupima viwanja, anaomba 250 na transpo juu yake. Bwana yangu anasema ni wizi, eti parseli (kiwanja) inaonekana na macho, shefu wa avenue ataweka sinyatire (sahihi), majirani batashuhudia, imeisha. Benye mulinunua juzi juzi mulilipa ngapi? Na nani njo analipa, mwenye kuuzisha ao mwenye kununua?

kijana_karisimbi
250??? Mi nililipa 120 mwaka jana mu Ndosho, akakuja na dekametre (kamba ya kupimia) tu, hata GPS hakuwa nayo, dakika 40 akamaliza akaomba na fanta. Nililipa mimi lakini nikaitoa ku bei ya nyumba. Usikubali.

muzee_wa_katindo
Mama Baraka, mbele ya kuuliza ngapi, uliza inaingia wapi. Kwa sheria ya Kongo, kama ni pesa ya Letat (Serikali) unapewa note ya DGRAD, ofisi yenye inaingiza pesa za Letat, unaenda kulipa ku banki, unatoka na bordero (risiti ya banki). Kama ni ya mukono kwa mukono basi iko yake, na siku ya maneno hautakuwa na karatasi ya kuonyesha. Kijana hapo juu alipimiwa, sawa, lakini alipewa PV, karatasi ya kushuhudia vipimo? Kama hapana alinunua fanta ya dola 120.

Kusema ati inaonekana na macho, bwana yako unisamehee lakini hakukuwa kwetu 2002. Volkano ya 17/1 ilimeza nyumba yangu ya santre. Tuliporudi hakuna avenue, hakuna borni (alama za mipaka), mawe meusi tu na moto ungali chini yake, viatu vinayeyuka, na kila mutu ananyoosha kidole, mulango wangu ulikuwa hapa, hapana ulikuwa pale. Mimi nilikuwa na kroki (muchoro wa parseli) yenye vipimo, bibi yangu alikimbia nayo mu kitenge pamoja na mutoto. Jirani hakuwa nayo, yeye akaanza ukuta haraka haraka. Jeometre alitafuta kona ya jengo moja yenye ilibakia imesimama, akavuta dekametre kutoka pale, akahesabu, akapiga rangi nyekundu juu ya jiwe. Ukuta wa jirani ulikuwa umeingia kwangu mita moja na nusu. Akaubomoa mwenyewe, bila tribinali, ju karatasi ilikuwa inasema.

Nyota_Bukavu
Mi kuna kintu kinanisumbua. Fensi ya mawe pande tatu, ya ine mabati? Ni nani iko nyuma ya hayo mabati? Munanunua parseli nzima ao kipande?

MamaBaraka
Kipande. Mwenyewe anabaki nyuma na batoto wake, ametukatia mita 10 kwa 20.

Nyota_Bukavu
Aaah sasa njo ungeanza na hiyo mama. Basi haiko kupima ya kuhakikisha tu, iko morselema, kukata parseli moja vipande. Ile parseli kubwa iko na sertifika (hati ya Letat) moja kwa jina la mwenye kuuzisha (kama anayo), inapashwa kukatwa ku kadastre, borni mupya zipandwe, PV ifanywe, kipande chenu kipate namba yake, kisha konservatere, mukubwa wa ofisi ya hati, awatolee sertifika yenu. Hiyo ni kazi kubwa kuliko ile ya kijana wa Ndosho, kwa hiyo 250 inaweza kuwa hata kidogo, ao inaweza kuwa ya bure kabisa kama huyo mutu atapima tu na kuenda. Muulize imefunika nini, kimoja kimoja, aandike.

Na fishi ya parseli, ile karatasi ya kartie (mutaa), haiko titre (hati), sinyatire ya shefu nayo hapana. Tangu sheria ya 1973 udongo ni wa Letat, wewe unanunua haki yenye iko mu sertifika, hakuna sertifika ujue unanunua mbao na mabati. Huku kwetu ku milima banakata vipande mpaka ukifungua mulango unagonga ukuta wa jirani, na bote beko na karatasi ya shefu.

Ya morselema mimi ningesema mwenyewe alipe, parseli yenye inakatwa ni yake. Mukishindwana, nusu kwa nusu.

kijana_karisimbi
Muzee umenichoma na hiyo fanta 😂 PV sina kweli. Nitarudia kumutafuta.

MamaBaraka
Asanti sana bandugu, na muzee Mungu akubariki. Nilimusomea bwana yangu yote, akanyamaza, kisha akapigia mwenye nyumba simu kumuomba kopi ya sertifika. Anasema iko kwa ndugu yake Kampala, atamuomba aitume na foto. Kesho asubui naenda mimi mwenyewe ku kadastre na namba ya parseli, niulize kama huyo jeometre banamujua. Komisionere naye nimemupigia mara ine tangu saa nane, hashike.