Je, jumuiya ya programu huria inaweza kutokuwa na siasa?

Mtunza_Repo
Wakuu, rasimu ya katiba ya mradi wetu ina kipengele kinachosema "mradi huu hauna siasa". Kinatekelezeka? Leseni ni GPLv2 (inaruhusu yeyote kutumia, kubadili na kusambaza msimbo), na ufafanuzi wa programu huria wa shirika la Open Source Initiative, vipengele vya 5 na 6, tayari unakataza kubagua watu au kazi wanazofanya. Haitoshi?

Kerneli_Mtupu
Haitoshi, mkuu. Leseni humlinda anayetumia na kunakili msimbo. Haimhakikishii mtu cheo cha usimamizi. Oktoba 2024 wasimamizi kadhaa wenye uhusiano na Urusi waliondolewa kwenye faili la MAINTAINERS, yaani orodha ya wasimamizi wa kerneli ya Linux. Baadaye ilielezwa kwamba tatizo ni vikwazo vya Marekani: ukiwa mwajiriwa wa kampuni iliyo kwenye orodha ya OFAC (ofisi ya Marekani inayosimamia vikwazo), huwezi kubaki hapo. Linux Foundation, shirika linaloutegemeza mradi huo, liko Marekani, kwa hiyo sheria ya huko inalibana. Msimbo wao ulibaki. Kilichoharibu imani ni badiliko kupitishwa kwanza kwa maelezo ya mstari mmoja, tena yasiyoeleweka.

Bi_Seva
Kuhama nchi husaidia kiasi. Shirika la RISC-V, lenye usanifu huria wa vichakato (chipu), lilihamishia usajili wake Uswisi mwaka 2020 kwa hofu hizohizo. Ila kama repo (hifadhi ya msimbo) iko GitHub, huduma ya kampuni ya Marekani, bado uko chini ya Marekani: Julai 2019 akaunti za watu wa Iran, Syria na Crimea zilibanwa, na Iran ilifunguliwa Januari 2021 baada ya kibali cha OFAC. Wekeni nakala kamili kwa `git clone --mirror` kwenye seva ya nchi nyingine, halafu isasisheni kwa `git remote update` kila usiku. Haibebi ripoti za hitilafu wala mijadala. Hizo zitoeni kwa API (njia ya programu kuomba data) ya GitHub.

Pakiti_Salama
Siasa huingia pia kupitia mtu mmoja mwenye funguo za kutoa matoleo. Machi 2022 matoleo 10.1.1 na 10.1.2 ya node-ipc, kifurushi cha JavaScript kinachotumiwa ndani ya programu nyingine, yalifuta yaliyomo kwenye mafaili ya kompyuta zenye IP (anwani ya mtandao) ya Urusi au Belarus. Kupinga vita ni haki ya mtu. Kuharibu kazi za wengine si haki, na IP haisemi nani anaunga mkono nini. Funga matoleo ya vifurushi kwa faili la package-lock.json, jenga kwa `npm ci` (husakinisha matoleo hayohayo tu), na toleo jipya lisitoke bila idhini ya watu wawili.

Kerneli_Mtupu
Mkuu, futa "hauna siasa". Andika: "Msimamizi akiondolewa kwa sababu ya sheria, sheria hiyo na nchi yake vitatajwa hadharani ndani ya siku 7, na jina lake litabaki kwenye orodha ya waliochangia." Hicho kinaweza kukaguliwa.

Mtunza_Repo
Naingiza, pamoja na idhini ya watu wawili. Jina la kikoa (anwani ya tovuti yetu) bado liko kwa mtu mmoja. Nalo litaingia humo.