Mjadala: Fielding alikuwa na haki gani ya kumwomba Aziz asamehe rupia 20,000?

Mleta mada

Wadau, nimemaliza kuisoma upya *A Passage to India* ya E. M. Forster, iliyotoka mwaka 1924, na kuna jambo limenikaa kooni. Kila riwaya hii ikijadiliwa, watu hukimbilia pangoni: yule binti alipatwa na nini mle ndani? Mwandishi mwenyewe hakusema, na mimi sitaki kumsemea. Ninachotaka tubishane ni pesa.

Kwa asiyeisoma: ni India chini ya Waingereza, katika mji wa kubuni uitwao Chandrapore. Daktari Aziz, Mwislamu, mgane mwenye watoto watatu, anawaandalia wageni wawili wa Kiingereza matembezi kwenye mapango ya Marabar. Mmoja wao, Adela Quested, anatoka huko mbio, na Aziz anakamatwa kwa tuhuma kwamba alitaka kumdhalilisha. Wazungu wa mji mzima wanamgeuka, isipokuwa wawili. Mrs Moore, mama mtu mzima ambaye Aziz alimpenda tangu siku alipomkuta msikitini kavua viatu, anasafirishwa kabla ya kesi na kufia baharini. Wa pili ni Cyril Fielding, mkuu wa chuo cha serikali, anayediriki kujitoa kwenye klabu ya Wazungu kwa ajili ya rafiki yake. Mahakamani Adela anasema amekosea, Aziz hakumfuata pangoni. Hakimu Das anamwachia huru.

Sasa ndipo penyewe. Aziz anashauriwa amdai Adela fidia ya rupia 20,000. Baada ya karamu ya ushindi, wako juu ya dari wamejilaza, Fielding anaanza kumsihi: binti atafilisika, na amesema kweli mbele ya watu wake. Maneno hayo hayatoshi, basi anamtumia marehemu Mrs Moore, maana anajua hapo ndipo moyo wa Aziz ulipo. Siku zinapita, Aziz analegea. Anasamehe yote isipokuwa gharama za kesi.

Akapata nini? Waingereza hawakumpa hata asante. Waliendelea kumwona mkosaji, na Forster anatuonyesha wastaafu wao huko kwao Uingereza bado wakinong'onezana kwamba kesi ile iliharibika kwa sababu binti wa watu alishindwa kutoa ushahidi. Aziz akahamia Mau, kwenye himaya ya raja wa Kihindu, asiwaone tena.

Msimamo wangu: Fielding alikosea. Wakati wa kesi alikuwa rafiki hasa. Ilipofika siku ya rafiki yake kupokea, akageuka wakili wa mtu wa kwao. Haya, nirushieni mawe.

Mchangiaji wa kwanza

Niliisoma kidato cha tano. Pesa sikumbuki kabisa, nakumbuka tembo wa safari ya mapangoni.

Mwalimu wa fasihi, Tanga

Mleta mada, umemwonea Fielding, na Adela umempita kama hayupo. Huyu binti angeweza kunyamaza tu, au kukariri aliyofundishwa na polisi. Alisimama peke yake mbele ya watu wake wote akasema hapana. Klabu ikamtema, mchumba wake Ronny akavunja uchumba. Sasa ninyi mnataka na akiba yake iende.

Halafu swali la msingi: nani hasa alimkosea Aziz? Waliompekua nyumbani kwake wakachambua barua zake ni polisi. Waliomshtaki ni serikali. Mkuu wa polisi McBryde alitoa nadharia mahakamani kwamba mtu mweusi ndiye humtamani mtu mweupe, wala si kinyume chake, na hakuna aliyemdai senti. Deni la dola ndilo mlitaka alipe msichana aliyekuja kutembea.

Mleta mada

Mwalimu, hoja ya dola naipokea kwa mikono miwili. Lakini Fielding hakusema "mwache binti, tuidai serikali". Alisema samehe. Angesema hilo la serikali nisingefungua mada.

Msomaji wa Nyeri

Sisi huku neno fidia halitupiti sikioni hivi hivi. Tarehe 6 Juni 2013, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, alisimama bungeni akatangaza pauni milioni 19.9, gharama za mawakili zikiwemo, kwa wazee 5,228 walioteswa wakati wa Mau Mau. Ukigawanya, kila mtu anabaki na kitu kidogo. Kauli yenyewe ilikuwa ya masikitiko, na papo hapo wakakana kwamba serikali ya sasa inawajibika kisheria. Hata hivyo mzee aliyekuwa akiitwa mwongo tangu miaka ya hamsini ana kitu cha kuwaonyesha wajukuu. Ndiyo maana ile sehemu ya wastaafu kunong'ona inaniuma. Kama Adela angelipa, wangenong'ona nini?

Mwalimu wa fasihi, Tanga

Wangenong'ona kwamba Mhindi alikuwa anatafuta pesa tangu mwanzo. Hilo ndilo Fielding aliliona.

Mchangiaji wa Dar

Mnamshtaki Fielding na mwandishi mmemwacha. Ronny anapoona kola ya Aziz imepanda shingoni, anasema hivyo ndivyo walivyo Wahindi, hawajali mambo madogo. Msomaji anajua kwamba Aziz alikivua kishikizo chake mwenyewe cha kola akampa Fielding aliyevunja chake. Hapo Forster anatufundisha vizuri ubaguzi unavyofanya kazi. Lakini baadaye, Aziz anapoanza kuhisi Fielding alimtetea Adela ili amuoe yeye na pesa zake, Forster anaandika kwa kauli yake mwenyewe, bila kumwekea mhusika mdomoni, kwamba shaka kwa mtu wa Mashariki ni kama uvimbe mbaya. Kwani kushuku kulihitaji uvimbe? Umeombwa uache haki yako kwa ajili ya mwanamke fulani, kisha unasikia uvumi kwamba muombaji yuko naye. Mtu wa Mashariki, wa Magharibi au wa Mbagala angeshuku.

Tena kumbukeni kilichotangulia. Jallianwala Bagh, Amritsar, India, tarehe 13 Aprili 1919: Jenerali Dyer wa jeshi la Waingereza aliamuru umati upigwe risasi, na hesabu ya serikali yenyewe ni watu 379 waliouawa. Alipoondolewa kazini, gazeti la Uingereza la *Morning Post* lilimchangishia zaidi ya pauni 26,000. Msomaji wa 1924 alijua Waingereza wakiamua kumlipia mtu wao hela hazikosekani. Adela asingelala njaa.

Mwalimu wa fasihi, Tanga

La Dyer limenipata, sikatai. Lakini msimgeuze Forster adui. Kitabu amemtunukia Syed Ross Masood, Mhindi Mwislamu aliyeanza kuwa mwanafunzi wake wa Kilatini kule Uingereza na kuishia kuwa rafiki wa miaka kumi na saba. Aliyaandika haya akijua yanavyouma. Na mwishoni, wakiwa juu ya farasi, Fielding anapouliza kwa nini wasiwe marafiki sasa hivi, mwandishi hampi jibu analolitaka. Farasi wanaachana njia.

Mchangiaji wa kwanza

Kwa hiyo mleta mada, ungekuwa wewe Fielding usiku ule, ungemshauri adai?

Mleta mada

Hapana. Nimeirudia sura ile jana usiku, na Mwalimu amenisogeza kidogo: kumdai Adela peke yake kunaniwia vigumu pia. Ila uamuzi ule ulikuwa wa Aziz. Marafiki zake Wahindi walikuwepo wa kumshauri, na Mrs Moore hakuwa wa kutumiwa. Fielding alikuwa ameshiba karamu, rafiki yake yuko huru, hewa ya usiku imepoa. Angenyamaza tu, akalala.